Mama Shemasi na Jakuzi Mbili

Ukimtafuta nyumbani kwake, ametoka. Ukimfuata kanisani, wanakuambia alikuwa hapa sasa hivi. Nilimjua miaka mingi pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, na mtu akiniuliza alikuwa anaishi wapi, jibu la kweli ni kwamba alikuwa anaishi njiani. Alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho barabarani. Alisali akitembea. Akija kwenye karakana yangu kufuata bawaba ya mlango, ataingia, atatoka, atarudi kuniuliza jambo nililokwisha kumjibu, kisha ataondoka na bawaba ataiacha juu ya meza. Inabidi nimpelekee, na nikifika simkuti.

Tulimwita Mama Shemasi kwa sababu ya kazi yake kanisani. Jina la kuzaliwa nalijua, ila halikuwa na kazi. Hata mama yake mzazi, kizee tuliyemwita Koko kama watu wa Bukavu wanavyowaita bibi zao, alimwita hivyo hivyo, tena kwa kumcheka. “Mama Shemasi, leo utakaa ao utanisalimia na mugongo?”

Mimi kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Shule niliishia darasa la pili, na nusu ya milango ya Dzaleka imetoka mikononi mwangu. Nitasema nilivyoona, sipaki rangi.

Neno lake kubwa lilikuwa “niache kwanza nizunguke.” Nyanya, sabuni, kandambili, ndoo, hakuna kitu alichokinunua pale alipokiona. Siku moja nilikuwa naye Tsoka, lile soko la mjini Lilongwe, anatafuta kitambaa cheupe cha kanzu za ubatizo. Muuzaji wa kwanza kabisa alikuwa nacho. Mama Shemasi akakishika, akakivuta, akakinusa, akakiangalia dhidi ya jua.

“Ni muzuri,” akasema.

“Basi kata, twende,” nikamwambia.

“Niache kwanza nizunguke.”

Tukazunguka Tsoka yote, kwenye mchele, kwenye viatu, kwenye kuku, mahali ambapo hata mjinga hawezi kutafuta kitambaa. Tuliporudi, kile cha kwanza kimeshakatwa kimekwenda na mwingine. Mama Shemasi akamgombeza yule mama Mmalawi kama vile ameibiwa. Yule mama akanitazama mimi kwa huruma. Nikamwambia zikomo, yaani asante, tukaondoka.

Watu wa miradi, wale wanaokuja na maswali na biskuti, walipenda kusema ni vita. Eti mtu akishakimbia, akachagua njia huku risasi zinalia, anabaki hivyo maisha yote. Sisi wote tulikimbia. Mimi nanunua ndoo kwa dakika moja. Koko ndiye aliyenipa maelezo ninayoyaamini.

“Huyu hata titi alikuwa anachagua,” alisema. “Anashika hii, anaacha, anashika ile, analia. Maziwa ni moja! Batoto benzake bananyonya, ye anazunguka.”

Kwa hiyo titi lilitangulia vita. Tuliache hapo.

Sasa, jambo lililonichanganya miaka yote ni hili. Kwa vitu alikuwa hivyo, ila kwa watu hakuzunguka hata mara moja. Msichana mmoja wa Kirundi alifika Dzaleka na mtoto mgongoni na hana anakojua. Watu walikuwa wamesimama wanaulizana ni wa nani, ametoka wapi, mume yuko wapi. Mama Shemasi akapita na ndoo yake kichwani, akamtazama mara moja, akasema, “We, beba mufuko yako, twende.” Msichana akakaa kwake mpaka alipoolewa. Mwalimu wa kwaya alipokuja mazoezini anayumba kwa pombe, Mama Shemasi hakungoja kikao cha wazee. Alimnyang’anya kile kitabu cha nyimbo, akamwonyesha mlango, akaanzisha wimbo mwenyewe, vibaya kabisa, kwa sauti ambayo haina kwao.

Na alikosea pia, nisije nikamfanya malaika. Kijana mmoja fundi wa simu alikuja kumposa binti wa kwaya. Mama Shemasi akamwangalia kuanzia viatu, akasema, “Huyu hapana.” Basi. Kijana yule akaoa kwingine, akawa baba mzuri kuliko wengi wa kanisa letu. Mama Shemasi alikuwa akikutana naye anavuka barabara. Sikusikia siku moja amesema nilikosa.

Aliwafundisha akina mama somo la uvumilivu na alilimaliza kabla ya nusu ya muda. Aliwakataza umbea, na habari zote nilizipata kwake. Nsima, ugali wa Malawi, ilimuunguza ulimi kila siku ya Mungu, maana hakuweza kungoja ipoe, na kila siku alishangaa.

Nije kwenye sahani, maana bila sahani huwezi kuelewa habari ya jakuzi.

Kanisa letu lilikuwa la mabati na miti, mchanganyiko wa Wakongo na Warundi, na mchungaji wetu Mrundi mpole anayeitikia “ego,” ndiyo ya Kirundi, hata kwa mambo asiyoyakubali. Lilikuwa na sheria moja nzito kuliko zote. Asiyezamishwa mwili mzima kwenye maji mengi hagusi meza ya Bwana. Ukibatizwa mtoto kwa Bapadri, kwa maji ya kunyunyiza kwenye paji la uso, kwetu hayo hayahesabiki. Utaimba, utatoa sadaka, utafagia, lakini sahani ya mkate ikipita, wewe unatazama.

Anayebeba sahani alikuwa Mama Shemasi. Na Koko alibatizwa na Bapadri.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilikaa benchi la nyuma ya Koko, kwa hiyo niliona vizuri. Sahani inakuja, kila mtu anachukua. Inafika kwa Koko. Koko ananyoosha mkono. Anajua hapewi, lakini ananyoosha, kiganja juu, umetulia kabisa kwenye hewa. Na binti yake anapita. Hamtazami. Anampa anayefuata. Koko anaukunja mkono wake polepole, anaurudisha kwenye kitenge, kama mtu anayerudisha kijiko kisichotumika.

Ungefikiri Mama Shemasi angeilaumu ile sheria. Hakuilaumu. Ndiye aliyekuwa mkali nayo kuliko mchungaji. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka kubwa, aliyetununulia mabati, alijaribu kuchukua kipande, naye akaivuta sahani mbele ya macho yetu wote. “Ingia maji kwanza, Papa,” akamwambia. Sasa mtu aliyemfanyia hivyo mwenye mabati angempaje mama yake?

Dawa ilikuwa moja, kumzamisha Koko. Na Koko hakukataa. Tatizo lilikuwa kifua. Sisi tulibatizia kwenye shimo nyuma ya kanisa, limetandikwa turubai, maji ya kisima yanabebwa kwa ndoo. Maji yale ni baridi hata mwezi wa kumi jua likiwaka. Koko alijaribu mara moja. Alitia mguu, akatia wa pili, kifua kikafunga, akawa anavuta hewa kwa sauti kama mlango wenye kutu. Wakambeba mpaka kliniki, na nesi akasema yule mama msimtie tena kwenye maji ya baridi, mtamzika.

Tukapasha maji kwa sufuria. Shimo likameza moto wote. Sufuria ya mwisho ikichemka, ya kwanza imeshapoa. Mtu akataja pipa lililokatwa. Mchungaji akasema hatuwezi kumkunja mtu ndani ya pipa kama nguo chafu, na Koko akasema pipa ni ya pombe. Nikajitolea kuchomelea tangi, kazi safi, lenye ngazi.

“Niache kwanza nizunguke,” Mama Shemasi akasema.

Alipokuwa bado anazunguka, habari za jakuzi zikaja.

Dada mmoja wa kwaya alikuwa anafua mashuka kwenye loji moja ya Lilongwe. Loji ile ilikuwa inabadilisha mtindo, na kwenye ua wa nyuma walikuwa wameweka jakuzi mbili zinauzwa. Jakuzi ni bafu kubwa la duara la faiba, wageni wanakaa ndani watu kadhaa kwa pamoja, maji ya moto yanachemka kwa pumzi ya mashine. Mchungaji alisikia habari hiyo akasema, “Ego. Hiyo ni maji mengi.” Faiba haiachii joto haraka. Mashine zilikuwa zimekufa, lakini moto ni kazi yangu. Nilisema nitaweka pipa na bomba pembeni, kuni zifanye kazi ya umeme. Kanisa likachanga pesa za jakuzi moja.

Koko alipoelezwa akacheka mpaka akakohoa. “Kwa hiyo munataka kunipika?”

“Kukubatiza, Mama.”

“Sawa. Magoti yangu inahitaji moto. Yesu akikuja pamoja, muzuri zaidi.”

Tukaenda Lilongwe, mimi na Mama Shemasi, na ndipo matatizo yakaanza, kwa sababu jakuzi zilikuwa mbili na zilifanana kama mapacha. Bei moja. Upana mmoja. Zote zimekwaruzwa pembeni, zote mashine zimekufa. Moja bluu, moja nyeupe. Tofauti ilikuwa hii tu: ya bluu ilikuwa na kina zaidi, mtu anasimama na maji yanamfika kifuani. Nyeupe ilikuwa na kikalio ndani, kimezunguka kama benchi, na katikati haina kina sana.

Kwako wewe unayetaka kuoga, hiyo si tofauti ya kukunyima usingizi. Kwetu ilikuwa dini nzima. Kwenye ya bluu mtu anasimama kama Bwana Yesu kwenye Yordani, analazwa nyuma, anazama mzima, hakuna wa kuuliza. Kwenye nyeupe, Koko atakaa, apumue vizuri, halafu alazwe. Lakini mtu aliyekaa, amebatizwa au ameoga?

“Ingia, Fundi,” Mama Shemasi akaniambia.

“Wapi?”

“Mu nyeupe. Nione.”

Nikavua viatu, nikaingia kwenye jakuzi kavu, mtu mzima na mvi zangu, nikakaa. Akaingia naye, akanishika kisogo na mkono mwingine kifuani. “Lala!” Nikalala. Kichwa kikagonga ukingo. “Si hivyo, we! Lala kama mutu anakufa na zambi zake!” Nikalala tena. Mlinzi wa loji, mzee wa Kimalawi mwenye koti kubwa, akaja mbio na rungu lake, anauliza, “Amayi, mukumupha?” yaani mama, unamuua? Nikamwambia bado. Akaegemea ukuta akacheka mpaka akatoa machozi. Tukahamia ya bluu. Humo nikasimama, nikalazwa, sikugonga kitu.

“Bluu,” nikasema. “Tubebe.”

“Na mama akichoka kusimama?”

“Basi nyeupe.”

“Na bakisema haikuwa ubatizo?”

“Basi bluu!”

“We Fundi unapenda tu kumaliza,” akaniambia kwa hasira, kana kwamba kumaliza ni ugonjwa.

Tukarudi Dzaleka mikono mitupu. Wiki iliyofuata tukaenda tena. Na tena. Nauli ya minibasi ikawa inatoka mfukoni mwangu, na sitasema zaidi. Mlinzi akishatuona anaita kutoka mbali, “Amayi, mwabweranso!” mmekuja tena, na anatuletea stuli ambayo Mama Shemasi hakuikalia. Alizunguka zile jakuzi. Alizipima kwa mikono, kwa kamba, kwa urefu wa mwili wangu. Alimuuliza mchungaji, naye mchungaji akasema Maandiko hayasemi mtu alikaa.

“Wala hayasemi alisimama,” Mama Shemasi akamjibu.

“Ego,” mchungaji akasema.

Ukimwambia ya bluu, anatetea nyeupe. Ukimkubalia nyeupe, anaanza kuisifu ya bluu. Nilimwona usiku na mchana mdomo unacheza peke yake. Alihamisha kitanda chake kutoka ukuta huu kwenda ule, akakirudisha. Na Jumapili ya kwanza ikifika, sahani ikapita, mkono wa Koko ukabaki hewani, ukarudi.

Ile baridi ya Dowa, wilaya ya kambi yetu, ikaanza kuingia. Koko akapungua. Kwanza aliacha kutembea mpaka kisimani, halafu mpaka kanisani. Wakawa wanamleta kwa kabaza, amekaa nyuma ya baiskeli amemshika dereva kiunoni, na bado anatania vijana njiani. Nikamkuta siku moja amefunikwa shuka mbili, binti yake hayupo.

“Ameenda wapi?” nikauliza.

“Ameenda kuchagua,” Koko akasema. “Umwambie achague. Akikawia, atanibatiza na machozi.”

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno makali, nilimkuta barabarani nikamshika mkono asiondoke. “Mama yako anaisha. Funga macho, onyesha kidole, chukua moja!”

Akautoa mkono wake. “Nikichukua mubaya, je? Mama hataingia maji mara mbili. Ni mara moja tu, Fundi. Nikikosea, hakuna ingine.”

Hapo nikampisha apite. Sikuwa nimefikiria hivyo.

Alikuwa amempa yule mlinzi namba ya simu, kwamba mtu akija kuziangalia ampigie. Basi siku moja yuko karakanani kwangu, anaingia na kutoka, simu ikalia. Alikuwa anaweka sauti kubwa, maana sikio moja lilikuwa zito. Mimi nilikuwa napiga nyundo, nikasimamisha.

“Amayi,” mlinzi akasema. “Yoyera yapita.”

Mama Shemasi akashika kifua. “Yapita?”

“Eya. Yapita.”

“Zikomo! Zikomo kwambiri, Papa! Mungu akubariki!” Akakata simu, akaanza kuruka pale katikati ya vyuma vyangu. “Umesikia? Nyeupe inapita! Hata mlinzi, mutu wa inje, hana mama hapa, hana kanisa hapa, ameona nyeupe njo inapita!”

Nieleze kwa asiyekulia kwetu. Sisi wa Kivu tukitaka kusema kitu hiki ni bora kuliko kile, tunasema hiki kinapita kile. Embe linapita chungwa. Huyu anapita yule kwa akili. Kichewa cha sokoni Mama Shemasi alikuwa nacho, alikuwa anapigana nacho kwa nyanya kila wiki, na kwa Wamalawi kupita ni kwenda, kuondoka. Alijua. Lakini siku ile neno liliingilia sikio la Bukavu. Miezi yote alikuwa anaomba mtu mmoja amwambie ipi ni bora, na mtu akampigia simu akamwambia. Mimi nilikuwa na nyundo mkononi, nimefurahi tu kwamba habari imekwisha. Sikuuliza.

Alikimbia mpaka kwa Koko. Nilimsikia kutoka barabarani: “Mama! Tumepata! Utakaa!”

Tukakodi pikapu. Wanaume wa kanisa wakapanda nyuma na kamba. Mama Shemasi akakaa mbele kati yangu na dereva, na njia nzima alikuwa anaongea, kanzu itakuwa hivi, kuni zitatoka kule, mchungaji asimame upande gani. Tulipoingia kwenye ua wa loji niliiona ya bluu. Pembeni yake kulikuwa na duara la majani yaliyokufa, ya njano, mahali nyeupe ilipokuwa.

Mlinzi akaja anavua kofia. “Ndinakuuzani, Amayi,” akasema taratibu. Yaani, nilikuambia. “Yapita.”

Nikaelewa palepale. Nikamtazama Mama Shemasi, nikaona naye ameelewa. Hakulia, hakupiga kelele. Alienda akasimama ndani ya lile duara la njano, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuzunguka.

Dereva akapiga honi. Wanaume wakasema basi tupakie hii iliyobaki, si ni zilezile? Wakaanza kufunga kamba kwenye ya bluu. Yeye akaenda akaweka mkono juu ya ukingo wake.

“Acheni,” akasema.

“Mama Shemasi, tumelipia gari!”

Akanigeukia mimi. “Fundi, mama hasimami tena. Nitamusimamisha namna gani mu hii?”

Nilikuwa na hasira ya kutosha kuiinua ile jakuzi peke yangu. Lakini nikachungulia ndani yake. Maji ya kifuani, na kizee ambaye miguu imekataa. Wanaume wawili wamshike makwapani kama mshitakiwa. Tukarudi na pikapu tupu. Kurudi, Mama Shemasi alikaa kati yetu, macho barabarani. Tulipofika njia panda ya Dzaleka dereva alimtazama, akanitazama mimi, akazima redio.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya mwezi.

Koko aliletwa na kabaza, wakamkalisha benchi la mbele yangu, amefungwa kitenge mpaka shingoni. Nilisikia kifua chake kuliko nilivyomsikia mchungaji. Mama Shemasi alikuja na sahani amevaa kitambaa cheupe kichwani, kama siku zote. Akapita mstari wa kwanza. Akaja wa mbele yangu. Mikono inachukua, mikono inachukua. Akafika kwa Koko.

Koko akanyoosha mkono. Safari hii haukutulia hewani. Ulikuwa unashuka, akaushikilia kwa mkono wa pili.

Mama Shemasi akasimama.

Kwanza watu hawakuelewa. Walifikiri amejikwaa. Alimtazama mama yake, kama alivyomtazama yule msichana wa Kirundi, mara moja tu. Akachukua kipande kwa vidole vyake mwenyewe, si kwamba Koko achukue, akakiweka kwenye kile kiganja na akavifunga vidole juu yake.

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mchungaji akasema kutoka mbele, kwa sauti ya chini, “Mama Shemasi. Unafanya nini?”

“Ninagawa,” akajibu.

Koko alikuwa ameshatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, hana meno mengi. Halafu akasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, “Ya Bapadri ilikuwa nyembamba. Hii ni mukate kweli.”

Kuna mtu alicheka. Kuna mama alianza kulia. Yule mwenye duka aliyetununulia mabati akainuka akatoka nje, na sikumlaumu. Mama Shemasi akaendelea na mstari mpaka mwisho, akampa kila mtu, akarudisha sahani mezani, akavua kile kitambaa cheupe, akakikunja, akakiweka kando ya sahani bila kuambiwa na mtu. Kisha akaenda akakaa kando ya Koko, na akabaki hapo mpaka ibada ikaisha.

Wazee walikaa kikao. Wakamtoa ushemasi, wakamweka nje ya meza mpaka atakapotubu mbele ya kanisa. Mchungaji alisema ego, na uso wake ulisema kingine. Koko alifariki kabla baridi haijaisha. Hakuna aliyeituma kwaya kwenye msiba, kwa sababu kwa sheria asingezikwa na kanisa. Kwaya ilikwenda yenyewe.

Ile ya bluu tuliileta baadaye. Pipa na bomba niliweka mimi, na mpaka leo inafanya kazi. Vizee wakishaingia kwenye maji yale ya moto kuwatoa ni vita. Watoto wanaiita “sufuria ya bantu.” Mama Shemasi alikuwa ameshahama. Alichukua mizigo yake akaenda Lilongwe, na huko hatukumsikia kwa muda mrefu.

Nilimwona tena miaka imepita, Area 36, mtaa mmoja wa Lilongwe. Nilikuwa nimepeleka geti kwa mteja, narudi nakatiza sokoni, nikasikia mtu anamgombeza muuza mkaa kwa Kichewa chenye Bukavu ndani yake. Alikuwa na meza yake ya samaki wakavu. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Watu wa pale nao walimwita Mama Shemasi. Sijui nani aliwaambia.

“Fundi! Ungali hai?”

“Ningali. Wewe je?”

“Mi niko. Kula samaki.”

Tukaongea habari za watu, nani ameondoka kwenda ng’ambo, nani ameoa, nani amekufa. Halafu nikamwambia nilichokuwa nimetumwa tangu zamani, maana mchungaji alikuwa ameniambia nikimwona nimweleze. Kanisa limelainika. Wale wazee wakali wengi wameondoka. Aje tu, asimame mbele, aseme nilikosa. Neno moja. Watampa sahani yake siku hiyohiyo.

Alikuwa anapanga samaki. Akampanga mmoja, akamgeuza, akampanga mwingine.

“Nikasimame mbele ya bantu niseme nilikosa.”

“Ndiyo. Ni maneno tu.”

“Nilikosa nini, Fundi? Nilikawia. Hiyo, ndiyo, naweza kusema kila siku, na Mungu ananisikia hapa kwa samaki. Ile mikono miezi yote, nilipita. Hiyo nitasema. Lakini bo banataka niseme ile siku moja. Ile siku mama alikula.”

Nilitaka kumjibu. Nina maneno mengi mimi, kila mtu anajua. Nikaona nimeshika samaki wa watu mkononi, nikamweka chini.

Mteja akaja, wakabishana bei, akaondoka. Nikaaga. Nilikuwa nimeshafika kwenye meza za mboga aliponiita, akaja nyuma yangu mbio, mikono inanuka samaki.

“Na sasa nani anabeba sahani?”

Nikamwambia ni binti mmoja wa kwaya, mzuri, mwepesi wa miguu.

“Mwambie aende polepole,” akasema. “Bazee banachelewa kutoa mukono mu kitenge. Amungojee. Asione mukono haujatoka akafikiri mutu hataki.”

Akanitazama kuhakikisha nimeshika maneno yake, akarudi kwenye meza yake, na mimi nikaenda kutafuta minibasi.